Ufa Chini ya Flashi

3 Machi

Mpwa wangu Shoto,

Nakusalimu, na salamu za mama yako ziko juu ya zangu, maana amesimama nyuma ya kiti kuhakikisha naziandika za kwake kwanza. Goti lake limepungua uvimbe. Siku hizi anashuka ngazi mwenyewe, ghorofa zote tatu, na kila anapopumzika anawasema majirani walioacha ndoo mlangoni. Kaka yako amepata mtoto wa kike. Anapiga chafya nne mfululizo kama babu yake, kisha anatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokosea. Meza yangu bado iko palepale, chini ya ngazi za jengo la mafundi, kati ya mama wa miavuli na fundi saa. Huyo fundi saa ni yuleyule tunayemwita Robo, kwa sababu hajawahi kufika popote bila kuchelewa robo saa, na saa za watu wote ziko mikononi mwake.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini.

Kuna mwanamke anayepiga picha za wanafunzi, shule hadi shule. Ana kamera ya kiwanda chenu, aina ya Saba, ile yenye flashi ndani yake. Januari aliniletea niisafishe, kwa kuwa mchanga ulikuwa umeingia kwenye lenzi. Nikaifungua, nikautoa mchanga, nikaifunga. Wiki tatu baadaye alikuwa amepanda juu ya benchi ili darasa zima liingie kwenye picha moja. Alipobonyeza, umeme ukampiga kupitia ile skrubu ya chuma inayoshika mkanda wa shingoni. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Ni mkono wa kulia, anaofanyia kazi.

Aliituma kamera kwenu. Jibu limemfikia juma lililopita, na nakala ameipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya jengo letu. Ni mistari minne. Inasema kamera "imewahi kufunguliwa na fundi asiye wa kiwanda", hivyo "haikuchunguzwa zaidi", na hitilafu yoyote ni juu ya fundi huyo. Fundi huyo ni mimi. Kamati imenipa hadi mwisho wa Julai nijitetee. Nikishindwa, meza inaondoka.

Sijawahi kukueleza meza hii ni nini kwangu, na sitaanza leo. Nitasema tu kwamba tulipotoka kwetu, miaka thelathini na moja iliyopita, nilibeba bisibisi sita ndani ya soksi, na kila nilichokipata tangu siku ile nimekipata kwa hizo.

Wewe unakaa kwenye meza ya kamera zilizorudishwa. Niambie jambo moja tu. Chini ya flashi ya Saba kuna kipande cha plastiki kinachotenga waya wa umeme mkali na mwili wa chuma. Kwa akili yangu, umeme hauwezi kufika kwenye skrubu ile mpaka kipande hicho kiwe kimepasuka. Umewahi kukiona kimepasuka?

Ni mimi, mjomba wako, nikisubiri.


28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Na nyingine umfikishie Mama, umwambie asishuke ngazi kwa ajili ya kugombana tu. Nimefurahi mno kusikia habari za mtoto. Mimi ni mzima. Chumba chetu kina dirisha moja, nalo linatazama dirisha la jirani, kwa hiyo tunamwona akila na yeye anatuona tukila, na hatujawahi kusalimiana. Ninayeishi naye anafanya kazi ya kusugua lenzi. Anarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, nami humwambia amezeeka tangu asubuhi.

Pole sana kwa hilo lililokupata. Kuhusu swali lako, tulisaini karatasi kwamba mambo ya mezani yanabaki mezani. Na kusema kweli kamera ni nyingi, zinapita, sikumbuki moja moja. Ninachojua ni kwamba kamera zikifunguliwa nje hupata matatizo, hata mikononi mwa watu wazuri.

Mjomba, pengine ungemwendea huyo mama kwa upole, ukampa pole, ukakubali kwamba bahati mbaya ilitokea. Mtu wa umri wako akiomba msamaha, watu hawamkatalii. Kamati nayo itatulia.

Na macho yako yakoje? Mama aliandika kwamba unasogea na gazeti mpaka dirishani, na kwamba siku moja ulimimina chai pembeni ya kikombe.

Mpwa wako akupendaye.


20 Aprili

Shoto,

Marahaba. Huku tu salama. Mama yako amegombana na mama wa ghorofa ya pili juu ya kamba ya nguo, na sasa wanasalimiana kupitia kwangu. Nabeba "hujambo" juu na "sijambo" chini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mjomba, nikafurahi. Mara ya pili niliisoma kama fundi, nikaona umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Mara ya tatu niliitazama karatasi yenyewe. Imepigwa taipu. Miaka tisa umeniandikia kwa mkono, herufi zimelalia nyuma kama zinavutwa na kamba, na leo taipu. Mashine hiyo ni ya nani? Na nani alikuwa amesimama nyuma yako ulipopiga yale maneno, "hata mikononi mwa watu wazuri"?

Ngoja nikueleze lililotokea hapa. Mpima ardhi mmoja alikuja na Saba yake, analalamika kwamba betri inaisha upesi. Haijawahi kufunguliwa na mtu. Lile tone la rangi nyekundu ambalo kiwanda huliweka juu ya skrubu ya kwanza lilikuwa zima. Sikuigusa. Nilimwita Robo, nikamwita na mwenyekiti wa kamati, yule anayekata vioo, wakalitazama tone likiwa zima, ndipo nikaifungua mbele yao. Robo akaweka kioo chake jichoni, akainama, akasema, "Hapa pana unywele."

Haukuwa unywele. Ulikuwa ufa. Unaanzia ukingoni mwa tundu la skrubu, unashuka mpaka kwenye waya.

Mwenyekiti alijifuta mikono akasema kamera moja ni kamera moja. Alisema ninaweza kupata nyingine mia zenye ufa na bado isifuate kwamba ufa wa yule mama haukutoka kwangu. Huo ni ukweli, na ndiyo maana ulinikera.

Sikilaumu kiwanda kwa ufa. Nimeishi na chuma na plastiki muda mrefu kuliko umri wako. Ukimwaga plastiki kwenye kalibu mara elfu kumi, kuna siku joto litapungua kidogo na hakuna atakayejua. Ninachokilaumu ni kinachofanyika baada ya kujua. Kiwanda kikishajua, kinapaswa kusema kwa maneno ambayo mtu yeyote atayaelewa akisimama mlangoni: kamera zenye namba kuanzia hii mpaka hii zinaweza kukupiga umeme, toa betri, irudishe. Kisiulize risiti. Kisiulize nani aliifungua, maana plastiki haipasuki kwa kutazamwa. Kisitume mistari minne isiyo na jina la mtu chini yake. Na kisikae kikisubiri waanguke wa kutosha. Ninyi mnasubiri wangapi?

Mjomba.


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mashine ya taipu ni ya mwenzangu wa chumbani. Mkono wangu ulikuwa unauma. Hakuna aliyesimama nyuma yangu.

Lakini na mimi niulize nani amesimama nyuma yako. Mjomba ninayemjua anauliza kama nimekula. Haulizi hesabu. "Mnasubiri wangapi" ni swali la mtu wa gazeti, au la kile kiwanda kinachoshindana na chetu, ambacho kingefurahi sana kupata jibu. Mwezi uliopita dada mmoja wa meza ya lenzi aliondolewa kwa sababu shemeji yake alionekana akinywa chai na mtu asiyejulikana. Alipewa dakika kumi. Mkubwa wetu, tunayemwita Muhuri kwa kuwa hakuna karatasi inayopita bila muhuri wake, alisimama akihesabu skrubu kwenye kisahani cha yule dada kana kwamba angezibeba.

Barua yako ilifika bahasha imebandikwa gundi mara mbili. Labda ni posta. Labda si posta. Usiandike tena jina la aina ile ya kamera.

Msalimie Mama. Umwambie viatu alivyonitumia vinanitosha.

Hujanijibu kuhusu macho.


2 Juni

Shoto,

Gundi ya mara mbili niliipaka mimi, kwa sababu bahasha za duka la pembeni hazishiki. Nyuma yangu amesimama mama yako, anauliza mbona nimekunja uso. Basi umeshawajua wote.

Mtoto wa kaka yako hajambo. Nimeanza na hayo ili usiseme sikukusalimu.

Kamera ya yule mpiga picha imerudi kutoka kwenu, na Jumatatu ya juma lililopita aliileta mbele ya kamati. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kiwikoni, na mkoba wake kaubeba dada yake. Hakunitukana. Alisema alikuwa akiniletea vitu vyake miaka sita na angependa kujua ni siku gani niliacha kuwa fundi. Nikaomba niishike kamera, mwenyekiti akaruhusu, nikaigeuza nione chini.

Unakumbuka nilichokufundisha ukiwa na miaka kumi, umekaa juu ya kreti kando yangu. Ukifunga kifuniko, mifereji ya vichwa vya skrubu itazame upande mmoja yote, ili siku ukiukuta mmoja umegeuka ujue kuna mkono umepita. Mimi huisimamisha, inatazama lenzi. Wewe, kwa mkono wako wa kushoto, uliilaza. Nilikugombeza miaka miwili mpaka nikachoka, na hapo ndipo nilipokupa jina unaloitwa mpaka leo. Sijaona fundi mwingine duniani anayeilaza.

Kamera hiyo niliifunga mimi, mifereji ikiwa imesimama. Imerudi imelala. Skrubu tano, zote tano.

Kiwanda kinasema haikuchunguzwa. Imechunguzwa. Uliifungua wewe, ukakiona nilichokuuliza, ukaifunga vizuri kama nilivyokufundisha, kisha ukaniandikia kwa taipu nikaombe msamaha. Sijui walikuahidi nini. Sijui walikutisha na nini. Nimekaa na jambo hili siku tisa kabla ya kushika kalamu, na kila siku nilikutafutia sababu, na kila jioni nikaona haitoshi.

Mama yako sijamwambia. Kuhusu macho yangu, yameona skrubu tano. Hilo likutoshe.

Kamati inakaa tarehe 31 Julai.


11 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Naandika kwa mkono, kama unavyoona. Kwenye taipu mkono hauonekani ukisita, ndiyo maana niliitumia. Haukuwa ukiuma.

Nitakueleza meza yetu ilivyo, karatasi niliyosaini nimeamua kuisahau. Kila kamera inayorudi inaandikiwa fomu. Fomu nyeupe ni za kosa la kiwanda. Zinahesabiwa. Zikifika thelathini za kosa moja, lazima wahandisi waitwe, na wahandisi wakiitwa, wakubwa hawana njia ila kuamua kama aina ile yote iitwe irudi. Fomu ya njano ni ya kamera iliyofunguliwa nje. Njano haihesabiwi. Inawekwa kwenye boksi, mteja anaandikiwa ile mistari minne, basi.

Kamera ya yule mama ilikuja mikononi mwangu. Niliigeuza nikaona skrubu tano zimesimama, zinatazama lenzi. Mjomba, nilijua kabla sijashika bisibisi. Ni kama kukuona wewe umekaa pale mezani. Nikafungua, nikauona ufa, na siku ile nilikuwa na barua ya Mama mfukoni, ile ya chai na kikombe. Nikafikiri bisibisi imekuteleza. Nikafikiri mjomba wangu amezeeka na hajamwambia mtu.

Ningeiandika nyeupe, ingehesabiwa, na zikifika thelathini wahandisi wangeipiga picha, wangetafuta aliyeifungua mwisho, na jina lako lingetumwa kwa kila duka linalouza kamera zetu, kwamba usipewe kazi. Nimeshaona wakifanya hivyo. Kwa hiyo niliandika njano. "Haikuchunguzwa zaidi." Niliandika hivyo ili wasichunguze. Nikaifunga, na mkono ukafanya ulivyozoea.

Ulidhani nilikuuza kwao. Mimi nilidhani nakuficha.

Ngoja nimalize, maana sehemu mbaya iko mbele. Muhuri aliiona fomu yangu na akaniita mbele ya wote. Alisema, "Mnaliona jicho la binti huyu? Skrubu imesimama tofauti na zetu, yeye akaiona." Akaagiza wote watazame kama mimi. Tangu siku ile, kamera ikiwa imebadilishwa hata mkanda wa shingoni nje, ni njano. Nyeupe za ufa ule zilikuwa ishirini na sita mwezi wa Februari. Leo bado ni ishirini na sita. Njano nimezihesabu mwenyewe wakati wenzangu wako kwenye chakula. Ni mia moja na kumi na mbili, na kati ya hizo themanini na tisa zimeandikwa nyuma kwa penseli ufa uleule mahali palepale. Barua yako ya mpima ardhi ndiyo iliyonifanya nihesabu. Nilikuwa nikikujibu kwa ukali huku najua.

Jumatano nilitoa fomu ya yule mama kwenye boksi. Nikaandika nyeupe, nikaeleza ufa, nikaandika kwamba uko kwenye plastiki tangu kiwandani, kwamba ile ya njano niliiandika mimi na haikuwa kweli, na kwamba fundi aliyeifungua ni mjomba wangu. Nikaweka jina langu kamili. Muhuri ameishika siku tatu bila kuipiga muhuri. Hajanifukuza bado, nadhani kwa sababu hajui itasemekana vipi. Amenihamishia kwenye kukunja maboksi. Nakala moja nimemtumia yule mpiga picha, na nyingine iko ndani ya bahasha hii. Isome mbele ya kamati.

Sasa nijibu, Mjomba. Nimekuuliza mara mbili na hii ni ya tatu. Macho yako yakoje?


6 Agosti

Shoto, mwanangu,

Marahaba. Na nyingine kwa zile ambazo hukuwa na uhakika kama nitaitikia.

Mama yako nimemwambia yote. Akasema barua ile ya chai aliiandika yeye, kwa hiyo kosa tuligawane watatu. Robo, aliyekuwa amekuja kwa chai ya saa kumi na kufika saa kumi na robo, alisema basi hata yeye apewe kipande.

Kamati ilikaa. Mpiga picha alikuja na nakala yako mkononi, imekunjwa mara nne. Bandeji imetolewa, vidole bado havikunji vyote. Mwenyekiti aliisoma fomu kwa sauti yake ya kukata vioo. Akatazama huku na huku, akasema kwa hiyo jambo limekwisha, fundi hana hatia, meza yake ibaki, na kama kuna mwenye neno aseme. Watu wakaanza kusogeza viti. Mama wa miavuli alinishika bega.

Nikasema ninalo neno.

Uliniuliza mara tatu, na sitaki ufike ya nne. Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka juzi. La kulia linalifuata. Kazi kubwa siku hizi naifanya kwa vidole, na vidole vyangu bado ni vizuri kuliko macho ya wengi, ndiyo maana nilijidanganya kwa urefu huo. Zile skrubu tano sikuziona. Nilizipapasa kwa kucha chini ya meza nikahisi mifereji imelala. Ufa wa kamera ya mpima ardhi aliuona Robo. Na mwezi wa Januari, nilipotoa mchanga kwenye kamera ya yule mama, kipande kile kilikuwa mbele yangu, wazi, na ufa ulikuwepo. Fundi mwenye macho angeuona na angemwambia asiitumie. Mimi nilikipitishia brashi nikafunga.

Niliyasema hayo mbele yao. Robo alinivuta shati nikae. Nilisema siwezi kukidai kiwanda kiseme kosa lake ilhali nimeficha langu miaka miwili, tena mimi sina hata wa kumsingizia kwamba ndiye aliyesaini.

Yule mpiga picha aliniuliza swali moja. "Mpwa wako asingeandika hii, ungeniambia?"

Nikamwambia sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo. Aliichukua kamera yake akaondoka, na sijui kama atarudi. Sikumfuata.

Kesho yake nilibandika tangazo juu ya meza, na Robo akaliandika kwa herufi kubwa kwa kuwa zangu zinapanda mlima. Tulilitengeneza pamoja siku nzima. Mara nne alitaka tuandike "kwa ajili ya uangalizi wa ziada", na mara nne nikakataa. Linasema hivi: kamera zote zilizopita mikononi mwa fundi huyu tangu Januari ya mwaka juzi zirudishwe. Fundi hakuwa akiona vizuri na hakuwaambia. Zitatazamwa upya na fundi saa, bure. Kama ni aina ya Saba, toeni betri kwanza. Kwenye daftari langu kuna kamera sitini na tatu. Wenye anwani tunawaendea. Mama yako ameshika mitaa ya upande wa soko, goti au la, na nasikia anawagongea watu kama anayedai mume wake.

Wengine wamenitukana, na nimewasikiliza mpaka mwisho. Mmoja alisema hakuwa ameona kosa lolote na angependa nisimtie hofu. Nikamwomba anitie moyo basi, ailete tuitazame. Akaileta. Haikuwa na kitu, akaondoka amechangamka kuliko alivyokuja.

Meza bado ninayo. Robo anatazama, mimi nafungua. Ananiambia kushoto, zaidi kidogo, hapo, na mimi namwambia asinipumulie shingoni. Kazi mpya sipokei mpaka sitini na tatu ziishe. Baada ya hapo sijui, na sitaki kukuahidi kwamba nitabaki mtu yuleyule uliyekaa kando yake juu ya kreti.

Kiwanda chenu kiko kimya. Nanunua gazeti kila asubuhi na mama yako analisoma lote, hata matangazo ya vitanda. Hakuna. Muhuri wenu anaishika karatasi yako kwa sababu akiipiga zitakuwa ishirini na saba, na anajua nyuma yake kuna themanini na nane zinazopiga foleni kwenye boksi la njano. Hatathubutu kuichana ilhali nakala ziko nje. Atasubiri uchoke. Wewe kunja maboksi, na usichoke.

Leo asubuhi imeletwa ya ishirini na mbili. Ni Saba. Mwenyewe ni muuguzi, alikuja na sare yake akiwa njiani kazini, na betri alikuwa ameitoa kama tangazo linavyosema. Niliifungua, Robo akainama. Akauongoza ukucha wangu mpaka ukingoni mwa tundu la skrubu, nami nikajua. Yule muuguzi aliuliza kama ni kitu kibaya. Nikamuuliza huitumia wapi. Akasema hasa nyumbani, anampiga mwanawe picha akiwa kwenye beseni, maana hapo ndipo anapocheka. Huwa anapiga magoti kando ya maji, mikono imelowa, ndiyo kwanza amemtoa sabuni usoni.

Nilimpa kiti akae.

Mpe namba hii yeyote anayeandika fomu siku hizi, na umwambie aandike nyeupe: 7-40618. Imefunguliwa nje ya kiwanda, mara mbili, na mimi. Aandike na hilo, na jina langu aliweke kamili.

Mjomba wako.